Ukitaka kununua simu Uganda, anza na spea: namna ya kusoma vita vya makampuni ya simu

Mimi natengeneza simu hapa Arua, nina meza yangu na kiti cha mteja kimoja, na kila wiki lazima aje mtu na swali lile lile, fundi ninunue simu gani? Anataka nitaje jina moja tu apande boda aende. Mimi sitaji. Namuuliza, kioo kikipasuka utapeleka kwa nani? Wengine wanakasirika kabisa, wanaona kama nawaombea mabaya na simu yenyewe hata hawajaigusa, lakini nikiwaambia kwa nini nauliza hivyo wanatulia.

Kuna mama mmoja alitoka Ariwara, upande wa Congo, akaniletea simu nzuri kweli, nyembamba, kioo kimejikunja pembeni kama maji. Imeanguka mara moja tu, kwenye saruji. Brandi yenyewe siitaji, ila alinunua kwa pesa ya kuuza ng'ombe wawili. Nikapiga simu Kampala kwa wale watu wangu wa spea, wa kwanza hana, wa pili anasema hajawahi kuona hata moja, wa tatu ananiambia tuagize China, lipa nusu kwanza, na bei ya hicho kioo ilikuwa inakaribia kununua simu nyingine nzima ya kawaida. Yule mama akaichukua akaiweka kwenye mkoba akaniambia basi fundi, itakuwa ya kuangalia saa. Na hata saa ilikuwa haionekani vizuri.

Sasa hiyo si bahati mbaya ya mama, ni biashara za watu wakubwa zilivyokaa. Ukielewa makampuni yanavyopigania soko letu utajua ya kununua na ya kuacha, bila kumuuliza fundi.

Elewa kwanza kitu kimoja, hiyo unayoita simu ni kompyuta ya mkononi, na hii biashara ya kompyuta za mkononi ina tabia yake tangu zamani: kampuni inaingia nchi za watu kwa matarumbeta, inaona faida haitoshi, inakunja jamvi, na mwenye kifaa anabaki nacho. Psion wa Uingereza walikuwa na vile vidude vizuri vya kufunguka kama kitabu, Series 5 ikatoka 1997, watu wa ofisini wakavipenda sana, kufika 2001 wakaacha kuwauzia watu wa kawaida. Sony wakaja na Clié mwaka 2000 kushindana na Palm wa Marekani, 2004 wakatangaza hawauzi tena nje ya Japan na mwaka uliofuata wakafunga kabisa. Palm mwenyewe, aliyewatesa wote tangu 1996, akanunuliwa na HP mwaka 2010 kwa dola bilioni 1.2, na 2011 HP wakatoa tableti yao ya TouchPad mwezi wa saba, wiki saba tu baadaye wakatangaza tumeacha, zilizobaki zikauzwa dola 99 badala ya 499. Waliokimbilia bei ya 99 walifurahi sana siku ile.

Usiseme hayo ni ya Wazungu hayatuhusu. BlackBerry tuliishika hapa hapa, kijana akiwa nayo Kampala alikuwa anaiweka juu ya meza ya baa makusudi ionekane. WhatsApp ikaacha kufanya kazi kwenye BlackBerry mwisho wa 2017, na tarehe 4 Januari 2022 wenyewe wakazima huduma za zile simu zao za zamani. LG nao walitangaza Aprili 2021 kwamba hawatengenezi simu tena. Huawei hawakuondoka lakini Mei 2019 Marekani iliwabana, simu zao mpya zikaanza kuja bila huduma za Google, kwa hiyo hapa mezani napata watu wamenunua Huawei mpya kwa kuona bei tamu halafu wanauliza fundi Play Store iko wapi.

Kwa hiyo swali lako la kwanza kwa kampuni yoyote: huyu amekuja kukaa au amekuja kutembea?

Na aliyekuja kukaa utamjua. Zamani alikuwa Nokia. Nokia 1100 ya 2003 ilitengenezwa ikifikiria watu kama sisi, vibonye vimefunikwa vumbi lisiingie, tochi juu kichwani, na ziliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Mzee wangu alikuwa nayo, tochi ilitumika kuliko kupiga simu. Kila kijiji kilikuwa na fundi wa Nokia na kila fundi alikuwa na kopo la spea za Nokia, hata asiyejua kusoma alikuwa anajua kubadilisha kava.

Sasa Nokia walilala wapi? Kwenye laini mbili. Nyie mnaokumbuka mtandao wa Warid mtanielewa, wamekuja 2008, wakaleta Pakalast, unaongea Warid kwa Warid siku nzima mpaka sikio linachemka, lakini mama yuko MTN, bosi yuko Zain, na kupiga mtandao mwingine ni pesa. Kwa hiyo mtu alikuwa anatembea na simu mbili tatu, au simu moja na laini zimefungwa kwenye kikaratasi, anatoa betri anaingiza hii anatoa ile, ukucha ndo ulikuwa kifaa cha kazi. Nokia mpaka 2010 ndo wanatangaza simu yao ya kwanza ya laini mbili. Wachina walishatangulia.

Hapo ndo wakaingia Transsion wa China. Jamaa anaitwa Zhu Zhaojiang, alikuwa anauzia kampuni ya simu ya China inaitwa Ningbo Bird, anazunguka nje kutafuta wateja. 2006 akaanzisha yake, ndo hiyo Transsion, 2008 wakaamua nguvu zote waziweke Afrika. Ndo wenye Tecno, itel na Infinix, zote tatu, watu wanabishana humu kijiweni Tecno na Infinix nani mkali, wakati ni watoto wa mama mmoja, hata Oraimo ya chaja ni ya kwao. China kwao karibu hawauzi simu kabisa. Walifanya nini? Laini mbili, betri inayokaa, kamera iliyopangwa ikupige vizuri wewe mweusi usiku usitoke meno tu, 2011 wakajenga kiwanda Ethiopia, wakaweka mafundi wao kwa jina la Carlcare, na rangi. Pita barabara yoyote kutoka Kampala mpaka huku, hesabu maduka yaliyopakwa bluu ya Tecno, duka linauza sukari na sabuni lakini ukuta ni Tecno. Kampuni iliyopaka mpaka duka la sukari, hiyo haiondoki kesho asubuhi.

Sisemi nunua Tecno. Nasema angalia nani amewekeza. Samsung wamewekeza kwa njia nyingine, nitafika hapo. Na kuna simu zinaunganishwa hapa hapa Uganda, SIMI wana kiwanda Namanve tangu 2019, nao waulize swali lile lile, kioo kiko wapi na ni bei gani.

Kabla hujatoa pesa, fanya hivi. Pata jina kamili la simu, si Samsung tu au Infinix tu, nataka na namba yake yote, maana kwa Infinix, Hot na Note na Smart si kitu kimoja, na hata namba moja inaweza kuwa na ya 4G na ya 5G ambazo vioo havibadilishani. Nenda kwa fundi, si mwenye duka, fundi, muulize vitu vitatu: kioo bei gani, betri bei gani, sistimu ya chaji bei gani. Akikujibu papo hapo bila kupiga simu, maana yake anazitengeneza kila siku, spea zipo. Akisema ngoja nikuulizie, weka alama ya kuuliza. Akicheka, acha hiyo simu. Mimi kipimo changu ni hiki, kioo kikizidi theluthi moja ya bei ya simu mimi siinunui, labda uniambie unaishi juu ya godoro.

Simu ambayo wenzako wengi wanayo ina faida nyingine, zile zilizokufa bodi tunazichinja, kioo chake kinaenda kwa mwenzake, kamera inaenda kwa mwingine. Simu adimu haina mizoga. Ndo maana mimi naona anayetafuta simu ambayo hakuna mtu mwingine mtaani anayo anajitafutia matatizo, lakini vijana hawanisikii.

Ukishapita hapo ndo uje kwenye sifa za kwenye boksi, na kwenye boksi ndo makampuni yanapopigania macho yako kwa namba. Ram, ile memori ya kufanyia kazi, imeandikwa 8 kubwa, chini kwa herufi za sisimizi imeandikwa 4+4. Hiyo ni ram 4, ile 4 ya pili wamekopa kwenye memori ya kuhifadhi, inasaidia kidogo lakini si ram. Ukilinganisha simu mbili linganisha ile namba ya kwanza. Kamera 50, sawa, ila picha zake nyingi ukiangalia ni kama megapikseli 12 na nusu, inachanganya vidoti vinne kuwa kimoja, si wizi ila usilipe pesa kwa sababu ya namba tu. Na macho ya kamera matatu manne nyuma, mengine ni pambo, nimefungua simu nyingi nakwambia. Memori chukua kubwa unayoweza, 128 ukipata, maana 64 ukitoa ya sistimu na video za kwaya za grupu la kanisa haifiki mwaka.

Betri ya 5000 inatosha watu wengi, umeme wetu tunaujua wenyewe.

Kitu ambacho hakuna anayeuliza na mimi nakiona kikubwa ni apdeti. Simu ni kompyuta, na ndani mna mobaili mani yako, kwa hiyo matundu yake lazima yazibwe kila mara, na hapa ndo Samsung wanapigana kwa njia yao. Galaxy A16, simu ya watu wa kawaida kabisa, wameahidi apdeti za miaka sita. Simu nyingi za bei ya chini ahadi yake ni mwaka mmoja au miwili, nyingine kimya. Sasa piga hesabu, kama wewe ni mtu wa kukaa na simu miaka minne mitano kama sisi wengi, ile iliyokuwa bei juu kidogo inaweza kuwa ndo rahisi. Na WhatsApp haingoji mtu, Oktoba 2023 waliziacha simu za Android 4, wiki hiyo nilipata wateja wenye simu nzima, haina hata mkwaruzo, ila imekuwa redio. Ukiwa dukani ingia kwenye mipangilio, kuhusu simu, angalia Android ni namba ngapi na tarehe ya kiraka cha usalama. Simu mpya yenye kiraka cha miaka miwili nyuma imelala stoo.

Halafu kuna hii ya simu kuja na ugonjwa kutoka tumboni. Mwaka 2020 watafiti wa usalama wa simu wa Secure-D walitangaza wamekuta programu mbaya, Triada na xHelper, kwenye simu za Tecno W2 zilizouzwa Afrika, zinajiandikisha huduma za kulipia zenyewe na kula bando bila mwenye simu kujua. Transsion wakasema ni mtu wa kati kwenye mnyororo wa usambazaji na kwamba dawa ya kusafisha walishatoa. Kwa hiyo simu mpya ikimaliza bando usiku umelala, usikimbilie kuutukana mtandao, fungua mipangilio uone apu gani imekula data, ukiona jina hulijui wewe hukuliweka, irudishe dukani siku hiyo hiyo.

Siku ya kununua nenda asubuhi, usiende jioni na haraka ya basi. Mimi nikienda Kampala kufuata spea watu wananituma niwanunulie na simu, nakwambia ninavyofanya. Naomba boksi lililofungwa, linafunguliwa mbele yangu. Naibonyeza *#06#, zinakuja IMEI, yaani namba za utambulisho wa simu, mbili kwa sababu ina laini mbili, kila moja tarakimu 15, nalinganisha na zilizoandikwa kwenye boksi, tarakimu kwa tarakimu, muuzaji anapumua kwa nguvu, mimi naendelea. Zile nane za mwanzo ndo zinasema ni simu ya aina gani, kwa hiyo naziingiza kwenye tovuti ya kuangalia IMEI, siku moja simu iliyoandikwa jina kubwa ikanirudishia jina la kisimu kingine kabisa, muuzaji akasema ni mtandao unasumbua, nikamwambia basi tusubiri mtandao utulie, akaichukua akaiweka chini ya kaunta hata kuagana hatukuagana.

Naingia Play Store, nagusa picha ya akaunti juu, mipangilio, kuhusu, pale lazima paseme kifaa kimethibitishwa. Ile feki haisemi hivyo. Nashusha apu ya CPU-Z inanionyesha prosesa, ule ubongo wa simu, na ram, nilinganishe na boksi, maana kuna simu zimedanganywa, kwenye mipangilio inasema memori 256 na ndani mna 32, ukijaza picha zinaanza kujifuta. Naingiza laini zangu zote mbili, moja moja kila tundu, napiga simu kweli, sibahatishi. Natoka mlangoni kwenye kivuli napiga selfi, narudi ndani kwenye giza napiga nyingine. Nachomeka chaja. Napitisha kidole kwenye kioo chote kama nachora, kona kwa kona, sehemu iliyokufa utaijua. Yote hayo ni dakika ishirini, muuzaji asiyetaka kukupa dakika ishirini kwa laki nne zako hafai kupewa hizo laki nne.

Zile zilizotumika Ulaya au Marekani, si mbaya, nyingine ni nzuri kuliko mpya za bei hiyo, ila zile za Marekani nyingi zilikuwa zimefungwa kwenye mtandao wa huko, na mawimbi ya 4G wanayotumia si yote ni ya kwetu, kwa hiyo weka laini yako usubiri mpaka uone 4G imeandikwa juu. Ukiona inakaa kwenye 3G au inatafuta tafuta, mrudishie. Na betri yake hesabu kwamba utabadilisha, iweke kwenye bei tangu mwanzo.

Simu za mkopo. Haya sasa. Hapa ndo vita vimehamia, maana makampuni yameona mtu wa Uganda hana laki nne za mara moja ila ana elfu moja mia tano za kila siku, na kusema kweli imewasaidia watu wengi wa boda na wa sokoni. Lakini fanya hesabu kwa kalamu usifanye kwa kichwa. Tuseme simu ya keshi ni 400,000. Ya mkopo wanakwambia weka 100,000 halafu 1,500 kila siku mwaka mzima, inasikika kama bei ya rolex moja, ile chapati ya mayai. 1,500 mara 365 ni 547,500, ongeza ile ya mwanzo, 647,500. Umenunua simu moja na zaidi ya nusu ya nyingine. Na usipolipa inajifunga, haiflashiki, yaani huwezi kuiwekea sistimu upya, usiniletee, sifungui hizo na fundi anayekuambia anafungua atakuharibia simu na deni litabaki pale pale. Kama kazi yako haiwezekani bila simu, mfano unapokea oda kwa WhatsApp, chukua mkopo. Kama ni ya TikTok, weka hizo 1,500 kwenye mobaili mani yako miezi tisa, utakuwa na keshi na utachagua mwenyewe.

Waranti isome kabla ya kulipa, hasa uone kioo na maji vinahesabiwa au la, mara nyingi havihesabiwi. Uliza pia itarudishwa wapi. Waranti ambayo lazima uipandie basi usiku kucha mpaka Kampala, ukae siku tatu kwa shemeji unasubiri, hiyo siyo waranti kwa mtu wa Arua. Risiti ipige picha uitume kwenye barua pepe yako, karatasi zile zinafutika wino, na IMEI iandike nyuma ya daftari nyumbani, simu ikiibiwa polisi watakuomba hiyo namba na boksi utakuwa umeshalitupa.

Ukitaka kuuza ile ya zamani uongezee pesa, toa akaunti ya Google kwanza ndo uifute, ukifuta bila kutoa akaunti mnunuzi inaweza kumuomba neno lako la siri na atakutafuta. Simu za brandi yenye spea nyingi zinauzika mpaka zikiwa zimepasuka, zile adimu nazinunua kwa bei ya betri. Na laini toeni jamani, nina kopo zima la laini za watu hapa mezani.